Watoto wa Nguruwe Waliopelekwa kwa Kambo

Mnanipigia simu, vijana, na ninafurahi, maana mstaafu asiyepigiwa simu huishia kuongea na kuku wake. Lakini simu zenu zinafanana. "Tata Kalenga, batoto ba ngulube banaharisha, utupe jina ya sindano." Sindano! Sijawaona hao nguruwe, sijui wanalala wapi wala wanakula nini, ila nitaje jina la sindano. Basi leo nimeketi niwajibu wote kwa mara moja, ninyi wa Kolwezi, wa Fungurume, na wale wa njia ya Mutshatsha ambao simu zenu hukatika kila ninapofika penye maana. Kabla ya sindano, niambieni: mliwatoa kwa mama yao lini, na mliwatoa namna gani?

Nilitibu mifugo miaka thelathini na kitu. Sikuwa daktari. Daktari alikuwa mjini na gari lake. Mimi nilikuwa na baiskeli, mfuko wa ngozi na buti za mpira zilizovuja upande wa kulia. Nimeng'atwa na mbwa, na nguruwe, na mara moja na mwenye nguruwe. Na katika miaka yote hiyo, watoto wengi wa mifugo niliowazika hawakufa kwa ugonjwa wenye jina kubwa. Walikufa katika wiki ile moja ya kuachishwa ziwa, na mara nyingi mwenye mali alikuwa na sababu nzuri kabisa ya kuwaharakisha.

Mimi pia nilikuwa na sababu nzuri. Ndiyo habari ninayotaka kuwapa, na naomba msicheke kabla sijamaliza.

Kulikuwa na mama mmoja kijana, Kabedi, aliyesafisha mawe mtoni kwa miaka. Mnaijua kazi ile: wanaume wanachimba, wanawake wanasimama ndani ya maji hadi magotini wakitikisa beseni mpaka udongo uondoke na madini yabaki. Miguu yake ilikuwa na vidonda visivyokauka, na mgongo ulimfanya ainuke kwa awamu mbili, kwanza nusu, halafu nusu nyingine. Kikundi cha wanawake wa parokia yake kikampa nguruwe jike mwenye mimba, akaacha mto. Lile beseni la mawe akalijaza udongo mzuri, akapanda lengalenga, akaliweka mlangoni. Kila nikipita alinionyesha mboga ile kabla ya kunionyesha nguruwe.

Kikundi kilikuwa na sheria yake. Ukipewa jike, katika uzao wa kwanza unatoa majike wawili kwa mama anayefuata kwenye foleni. Siku ya kupokezana, hao wawili wawe wameachishwa ziwa, wanakula wenyewe, hawaharishi. Mimi ndiye niliyewakagua na kuandika kwenye karatasi ya kikundi. Ukishindwa, jike wako mkubwa anachukuliwa, anapewa anayefuata, na wewe unarudi mwisho wa foleni. Sheria kali, lakini bila hiyo foleni isingesogea. Kwa Kabedi maana yake ilikuwa moja tu: nguruwe akiondoka, yeye anarudi mtoni.

Nguruwe wake alizaa watoto wanane, majike watatu. Wazuri, wekundu kama vumbi la barabara yetu. Wakiwa na wiki tatu, Mama Prezida wa kikundi akatangaza kwamba siku ya kupokezana itakuwa siku ya sikukuu ya parokia. Nikahesabu: zimebaki wiki mbili na nusu. Nikajiambia, nikiwatoa kwa mama yao sasa, mpaka sikukuu watakuwa wamezoea kula kama watu wazima, na mama yao atakuwa ameshapandwa tena na Shefu. Shefu alikuwa dume maarufu upande wa pili wa mji, mwenye masikio yaliyochanika na mapokezi ya heshima.

Kabedi hakupenda. "Tata, bangali badogo sana. Bukari habaijue. Banajua maziwa tu."

Bukari ni ugali wetu, kwa yeyote anayesoma kutoka mbali. Nikamjibu kwa sauti ile ya mtu mwenye mfuko wa ngozi: "Mama, weye mutoto wako ulimukomesha ziwa namna gani? Si ulimupeleka kwa kambo? Siku tatu, amesahau."

Kambo ndivyo tunavyomwita bibi. Kwetu, mama akitaka kumlikiza mtoto, anamfungia kinguo chake na kumpeleka kwa kambo. Mtoto analia usiku wa kwanza, wa pili anakoroma, wa tatu amekuwa mtu wa bukari. Sote tulipita hapo. Na mimi, fundi mzima, nikawafanyia nguruwe jambo lile lile. Asubuhi hiyo hiyo tulimswaga mama yao kwa Shefu, na watoto wanane nikawatia kwenye kikapu kikubwa, nikawafunga juu ya baiskeli, nikawapeleka kwa mama mzazi wa Kabedi, ambaye mtaa mzima ulimwita Kambo. Walipiga kelele njia nzima, na watu walidhani nimeiba.

Sasa subirini niwarudishe nyuma kidogo, maana siwezi kudai kwamba sikujua.

Nilipoanza kazi, alinifundisha Tata Mwansa, mkaguzi wa nyama machinjioni. Mtu mfupi, mkali, aliyekuwa na sahani mbili nyeupe za bati, moja ya chakula chake na nyingine ya matumbo, na hakukubali mtu mwingine azioshe kwa kuogopa kosa. Siku moja alinipasulia watoto wawili wa nguruwe. Wa kwanza alikuwa bado ananyonya, mama yake akamlalia akafa. Wa pili alikufa siku chache baada ya kuachishwa ziwa. Akakata kipande cha utumbo mwembamba wa kila mmoja, akakifungua, akakiosha, akakiweka kwenye maji safi ndani ya sahani ile ya matumbo.

"Angalia pa jua. Unaona nini?"

Kile cha kwanza kilikuwa na manyoya. Mafupi mno, laini, kama kitambaa cha kochi la wageni, na sahani ikitikisika yalilala na kuinuka. Cha pili kilikuwa na upara.

"Ile manyoya njo inashikaka chakula, inakipeleka mu damu," akasema Tata Mwansa. "Huyu wa pili, mwenye mali anasema chakula kilimuua. Bongo! Aliuawa na siku mbili alikatala kukula." Bongo kwetu ni uongo.

Hapo akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi. Mtoto anayenyonya anapata maziwa kidogo kidogo, ya moto, karibu kila saa, mchana na usiku. Maziwa ndiyo yanayoyasimamisha manyoya yale, na ndani yake mna kinga ya mama inayofukuza vijidudu tumboni. Ukimtoa ghafla, anagoma. Anamlilia mama, anazunguka, chakula anakikanyaga tu. Siku moja, siku mbili, manyoya yananyauka. Halafu njaa inamshinda, anafakamia mpaka tumbo linakuwa ngoma. Chakula kinashuka, hakuna wa kukipokea, kinaozea chini, na vijidudu vinafanya harusi. Mnachokiona ninyi nyuma ya mtoto ni mwisho tu wa safari hiyo.

Na kuna la zaidi. Tumbo la mtoto limezaliwa likijua kuyeyusha maziwa. Mahindi halijui. Maji ya kuyeyushia unga yanakuja polepole, wiki baada ya wiki, na yanakuja haraka zaidi ikiwa mtoto ameonjeshwa huku bado ananyonya. Hata ule uchachu wa tumbo lake la juu, unaoua uchafu, bado ni hafifu. Kwa hiyo usimtoe kwanza ndipo umfundishe kula. Mfundishe kula kwanza. Kuanzia wiki ya pili mwekee chakula kidogo mahali ambapo mama yake hafiki, weka na maji safi, maana maziwa hayamalizi kiu. Nusu yake atachezea na nusu atakojolea. Badilisha kila siku, usikasirike. Anapotimiza wiki sita, saba, ziwa analiacha kama mtu aliyeshiba.

Haya yote niliyajua. Niliyafundisha mwenyewe chini ya bati la parokia, nikiwaimbisha akina mama kwamba haraka haraka haina baraka. Kisha nikaona tarehe kwenye karatasi, nikasahau wimbo. Ninaona aibu mpaka leo, na nimeizoea kiasi kwamba naweza kuisimulia.

Kwa Kambo niliwapikia bukari mwenyewe, ya moto, nzito. Siku ya kwanza walilia. Ya pili walilia. Kambo akasema, "Hawa bajukuu banasumbua kupita ba Kabedi." Siku ya tatu walivamia sufuria, wakala mpaka wakalala chali, na mimi nikapiga kifua. Nilimwambia Kabedi: unaona? Siku ya nne walikuwa wanaharisha maji ya njano. Ya tano nikakuta mmoja amekufa, jike. Nikachoma sindano. Zile zile mnazonidai kwenye simu, nilizichoma kwa mkono huu. Siku ya sita wakafa madume wawili.

Nilikwenda kwa Kabedi kumpa habari. Nilifikiria kumrudisha mama yao, lakini alikuwa siku tano kwa Shefu na maziwa yalikuwa yamekauka. Nilipofika mlangoni, lengalenga ilikuwa imeng'olewa, imelala chini na mizizi yake, na Kabedi alikuwa anasugua beseni kwa mchanga. Habari zilikuwa zimenitangulia.

"Mama, bangali batano," nikasema. "Na majike babili."

"Tata, mi sikukatale," akasema bila kuinua kichwa. "Ulisema siku tatu."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepumua. Nilisukuma baiskeli mpaka kwa Kambo bila kuipanda, na nilikuwa na hofu, vijana, hofu ya kweli, ya kwamba nimemrudisha mtu kwenye maji kwa ujuzi wangu.

Sasa sikilizeni nilichokikuta. Kambo alikuwa mpishi wa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na mnamjua mpishi mzuri kwa foleni ya vikombe uani kwake. Siku hiyo alikuwa amemaliza kuchuja, na masalio ameyaacha kwenye bakuli karibu na jiko. Yule jike mdogo kuliko wote, mwenye sikio lililokunjamana, ambaye hakuwa amekula tangu jana, alikuwa ametia pua ndani ya bakuli na analamba.

Nikaruka. "Kambo! Pombe kwa mutoto mugonjwa?"

Kambo alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekalia kofia yake. "Pombe gani? Ile ni ya leo asubuhi, haileweshe hata inzi. Kabedi mwenyewe nilimukomeshaka ziwa na munkoyo. Weye tata wa masindano, mama yako alikukomeshaka na nini?"

Nilikaa juu ya ndoo. Maana nimekunywa munkoyo tangu utoto na sikuwahi kuiangalia. Unapika uji wa mahindi, mzito, unasimamisha mwiko. Unauacha upoe mpaka kidole kivumilie. Unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, unafunika. Ukirudi baada ya muda, uji ule mzito umekuwa mwepesi kama maji na umeanza utamu, wala hujatia sukari. Mizizi imeuyeyusha unga ndani ya sufuria. Ukiuacha kidogo tena, unaingia uchachu mwepesi. Kazi ambayo tumbo la yule mtoto lilikuwa halijajifunza, mizizi ilikuwa imeshaifanya nje, na uchachu uliokosekana ulikuwa umo kikombeni.

Nikamwomba Kambo sufuria nzima. Akasema nipange foleni kama wengine, kisha akanipa.

Kwanza tuliwanywesha maji yaliyochemshwa, yenye chumvi kidogo na sukari, kwa sababu mtoto anayeharisha anauawa na ukavu kabla ya kitu kingine. Tuliweka majani makavu na kuyabadilisha kila yakilowa, na gunia juu, kwa kuwa tumbo lenye baridi halifanyi kazi. Halafu munkoyo ya siku ile ile, vuguvugu, vijiko vichache tu, kila mara kivuli kikisogea hatua mbili. Kidogo, mara nyingi, kama ziwa. Siku ya tatu tukachanganya unga wa soya iliyokaangwa vizuri na dagaa waliosagwa. Ndipo pumba kidogo. Kabedi alikuja siku ya pili, akakaa na kijiko bila kunisalimia, na siku ya nne akanisalimia.

Msiende sasa kunitangaza kwamba Tata Kalenga anatibu kwa munkoyo. Iliyolala siku mbili inalewesha, na nimewahi kuona mbuzi aliyelewa, haipendezi. Tena kama wale watoto wangebaki na mama yao wiki tatu zaidi, wakionja kidogo kidogo, tusingehitaji ufundi wowote. Tulikuwa tunaziba tundu nililolitoboa mwenyewe. Utumbo uliopata upara haurudishi manyoya kwa siku mbili, unahitaji wiki na zaidi, na ndiyo maana mtoto wa namna hiyo anabaki mdogo hata akipona. Hata mbuzi, hata sungura, hata ndama ni hadithi hiyo hiyo kwa namna yake. Mwenye haraka huwatoa wakiwa wanene na kuwauza wakiwa wembamba.

Wote watano walibaki hai. Lakini siku ya sikukuu, baada ya misa, yule wa sikio lililokunjamana alikuwa bado mifupa na masikio. Wanawake wa kikundi walikaa kuzunguka uwanja wa parokia, Mama Prezida na karatasi mkononi. Mama aliyekuwa akifuata kwenye foleni, Mama Ngalula, mwanamke mnene mwenye macho ya karani, akazunguka wale majike wawili mara mbili.

"Huyu mumoja, sawa. Huyu mwingine ni nini? Ni panya?"

Kabedi alikuwa amesimama peke yake. Mama Prezida akaniletea karatasi na kalamu. Lilikuwa neno moja tu: anafaa. Mkono wangu ulikuwa umeshagusa karatasi, kwa sababu nilikuwa nadaiwa na yule mama kijana zaidi ya neno moja. Kabedi akanisogelea, akasema kwa sauti ndogo:

"Tata, usiandike bongo juu yangu. Kama hafae, hafae. Mama Ngalula naye iko na batoto."

Basi nikarudisha kalamu na karatasi. Nikawaambia wanawake wote, kwa sauti, kwamba watoto watatu wamekufa na ni mimi niliyewaua; kwamba Kabedi hakutaka na mimi nikamshinda kwa maneno; kwamba huyu mwembamba anakula na sikumwona akiharisha tangu juma lililopita, lakini wasiniamini mimi, waone kwa macho yao. Nimesimama mbele ya watu wengi maishani, sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama siku ile.

Mama Prezida akafikiri, akatoa hukumu. "Tutamupa chakula. Tutangojea."

Kambo akaleta bakuli la pumba na soya, kavu, bila munkoyo. Mwembamba akanusa. Akamtazama Mama Ngalula. Akala. Akala mpaka akasukuma bakuli uwanjani kwa pua, na watoto wa katekisimu wakacheka. Hilo lilikuwa nusu tu, na wote tulijua. Tukangoja nusu ya pili. Wanawake arobaini waliovaa vitenge vya sikukuu, na padri aliyetoka kuuliza kwa nini hakuna anayekuja kula, tukakaa tukiangalia makalio ya nguruwe mmoja.

Jua lilisogea. Mama mmoja akaanza rozari, sijui kwa nia gani. Kabedi alikuwa ameshika kona ya kitenge chake kwa mikono miwili na anaikunja, anaikunja.

Mwembamba akasimama. Akainua mkia. Akadondosha vitatu, vigumu, vyeusi, safi, kimoja baada ya kingine.

Sijawahi kusikia vigelegele kama vile, hata harusini. Mama Ngalula alimnyakua yule mtoto akamweka kifuani, juu ya kitenge kipya, akiimba. Kambo alicheza. Padri alirudi ndani akitikisa kichwa. Kabedi hakupiga kigelegele wala hakucheza. Alikwenda pale chini, akainama, akavitazama vile alivyoviacha nguruwe kama mtu anayehakikisha mawe yake, akainuka kwa awamu mbili, kisha akachukua karatasi na kalamu kwa Mama Prezida akanikabidhi mwenyewe.

"Tata," akasema, "sasa andika."